Rika na Kalenda: Waliozaliwa 1907 katika Historia ya Fasihi ya Thika na Ruiru

Kuna desturi, iliyoenea sana magazetini na hata katika vitabu vya marejeo, ya kuwapanga watu mashuhuri bega kwa bega kwa sababu tu walizaliwa mwaka mmoja. Uhuru Kenyatta na Barack Obama, kwa mfano, wote walizaliwa mwaka 1961, na baba wa kila mmoja wao alikuwa Mkenya. Msomaji huachiwa ajazie mwenyewe maana ya sadfa hiyo. Wanahistoria wa fasihi nao hawakusalimika. Husema "kizazi cha hali ya hatari" au "kizazi cha uhuru", wakawakusanya chini ya paa moja waandishi ambao hawakusoma vitabu vile vile, hawakula chakula kimoja, wala hawakuweza kupita njia moja bila mmoja wao kumpisha mwenziwe. Makala haya yanalichunguza suala hilo katika eneo moja mahususi, yaani ukanda wa Thika na Ruiru pamoja na miinuko ya Kiambu iliyo magharibi yake. Eneo hilo lina sifa ambayo si rahisi kuipata kwingineko. Kitabu kilichoitangaza Thika duniani kiliandikwa na mwanamke aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka huo huo, kilomita zisizofika hamsini kutoka shamba ambalo wazazi wake wangekuja kulinunua, alizaliwa Mgikuyu ambaye naye aliandika kitabu kuhusu nchi ile ile. Na watu wa eneo hilo walikuwa na utaratibu wao wa kuhesabu umri, utaratibu ambao haukuujua mwaka 1907.

Mwanamke huyo ni Elspeth Huxley, aliyezaliwa London tarehe 23 Julai 1907 na kufariki Januari 1997. Mgikuyu huyo ni Peter Mbiyu Koinange, aliyezaliwa Njunu, Kiambu, na kufariki mwaka 1981. Kwa hesabu ya kalenda hao ni watu wa umri mmoja. Swali la makala haya ni kama walikuwa watu wa rika moja.

Maana ya rika

Katika Kiswahili neno rika lina maana mbili zinazoishi pamoja bila ugomvi: umri wenyewe, na kundi la watu wa umri huo. Pwani kulikuwa pia na neno hirimu, ambalo lilielekea zaidi upande wa kundi kuliko upande wa hesabu ya miaka. Msemaji wa leo akisema "huyu ni wa rika langu" hamaanishi zaidi ya kwamba wamepishana kidogo kuzaliwa. Riika la Kigikuyu, ambalo kwa sura na kwa maana haliwezi kuwa mgeni kwa neno letu la Kiswahili, halina ulegevu huo. Riika halihesabu siku ya kuzaliwa. Linahesabu siku ya kutahiriwa, na waliokwenda jandoni pamoja huwa ndugu kwa maisha yao yote, hata kama mmoja alizaliwa miaka mitatu kabla ya mwenziwe. Mtu hupewa riika mbele ya watu.

Kila riika lilipewa jina la jambo lililoitikisa nchi wakati wa tohara hiyo. Majina yalitofautiana kutoka wilaya hadi wilaya, na ndiyo maana mtafiti anayetaka orodha moja iliyonyooka huishia kukata tamaa. Kuna riika la Mutung'u, lililobeba kumbukumbu ya ndui iliyoua watu wengi mwishoni mwa karne ya 19. Kuna Kihiu Mwiri, la wakati wa kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita hivyo liko Kibandi, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Kibandi ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa kwa nguvu kuanzia 1919, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 akalazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu ya kazi zake. Neno la Kiswahili lililoingia Ugikuyuni kama amri ya serikali likatoka likiwa jina la kizazi. Watu walichukua kitu walichofungwa nacho shingoni wakajiita kwacho.

Utaratibu huu ndio uliowahangaisha waandishi wa wasifu wa Jomo Kenyatta. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, na makisio yamekuwa yakipanda na kushuka kati ya 1889 na 1898. Lililo wazi zaidi ni kwamba alitahiriwa karibu na mwaka 1913 alipokuwa mwanafunzi wa misheni ya Thogoto, na kutokana na riika lake ndipo watafiti hurudi nyuma kukisia alizaliwa lini. Kwa maneno mengine, rais wa kwanza wa Kenya alikuwa na rika kabla ya kuwa na umri. Mtu aliyefanana naye kwa makamo, Harry Thuku, alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, magharibi mwa Ruiru, penye misheni ya Gospel Missionary Society. Thuku alikaa kwa wamisionari wa Kambui miaka kadhaa kabla ya kwenda Nairobi, ambako alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi na baadaye akawa mpokea simu wa Hazina. Mwaka 1921 akaongoza chama cha East African Association na kusambaza kijigazeti alichokiita kwa neno la Kiswahili, Tangazo. Machi 1922 akakamatwa, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi. Thuku na Kenyatta huwekwa pamoja daima katika vitabu vya historia, nao wakaishia mbali sana kisiasa: Thuku alipinga Mau Mau hadharani, Kenyatta akafungwa kwa tuhuma ya kuiongoza. Kukaribiana kwa umri hakukuwalazimisha kuwa kitu kimoja.

Katika Facing Mount Kenya (1938) Kenyatta aliyapa mafunzo ya jando na muungano wa riika nafasi kubwa, na haikuwa kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Alitaka kuonyesha kwamba jamii yake ilikuwa na utawala uliokata mipaka ya ukoo: mtu wa ukoo wowote, maadamu mmetahiriwa pamoja, ana haki kwako na wewe una haki kwake. Hiyo ilikuwa hoja ya kisiasa iliyovalishwa joho la elimu ya jamii, na bado ni miongoni mwa hoja zake zenye nguvu zaidi.

Mtoto asiye na rika

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kabla ya hapo, mlowezi aliyetaka kwenda huko alikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, na ndiyo safari inayofungua The Flame Trees of Thika (1959). Wazazi wa Huxley, Josceline na Nellie Grant, walifika Kenya mwaka 1912 wakachukua ekari mia tano karibu na mto Chania wakitumaini kutajirika kwa kahawa. Katika kitabu, mtoto yuko mkokotenini tangu mwanzo, anaona kila kitu. Kwa mujibu wa waandishi wa wasifu wake, Elspeth mwenyewe aliletwa Desemba 1913, akiwa na umri wa miaka sita, baada ya wazazi wake kuwa wamekwisha kuanza shamba. Haifai kumshtaki mwandishi kwa uongo hapa. Tawasifu haijawahi kuwa ripoti ya polisi. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto alihitajika kuwapo siku ya kwanza kabisa.

Jibu limo katika umri. Msimulizi wa kitabu ana miaka sita na kuendelea. Mwandishi, wakati kitabu kilipotoka, alikuwa amefikia miaka 52. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa ingali chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tarehe 3 Machi mwaka huo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na bunge la Uingereza likatikisika. Swali la nani alichukua ardhi ya nani lilikuwa mezani, na damu imekwisha kumwagika juu yake. Katika hali hiyo mtu mzima aliyezungumzia mwanzo wa mashamba ya walowezi angetakiwa ajibu. Mtoto hatakiwi kujibu. Mtoto huona nyasi ndefu, husikia maji ya mto, huwaona wazazi wake wakihangaika na miche ya kahawa na mchwa, na ardhi inakuwa mahali palipokuwa patupu kwa sababu yeye hakumwona aliyekuwapo. Hili si jambo dogo la mtindo. Ndilo linalokifanya kitabu kipendeze, na ndilo linalokiwezesha kulikwepa swali.

Zaidi ya hayo, tazama mtoto huyu anaishi na nani. Ana farasi mdogo, ana paa aliyemfuga, ana vinyonga wawili waliopewa majina ya mfalme na malkia wa Uingereza. Ana watu wazima: wazazi, majirani walowezi wenye mapenzi yao ya siri, nyapara Sammy, mfanyakazi Njombo, chifu Kupanya. Asiokuwa nao ni wenziwe wa umri wake. Watoto wa Kigikuyu wapo pembezoni, hupita na mbuzi, huitwa "toto" kwa Kiswahili cha walowezi, lakini hakuna hata mmoja anayekua sambamba naye kurasa kwa kurasa. Kwa msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiafrika, ambamo utoto bila wenzi wa kucheza nao karibu hauwezi kusimuliwa, pengo hilo linapiga kelele. Kitabu kizima ni hadithi ya mtoto asiye na rika, na uzuri wake wenye huzuni unatokana na upweke huo, ingawa mwandishi hakuupa jina.

Inafaa kukumbuka kwamba haikuwa lazima mambo yawe hivyo. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamisionari, alicheza na watoto wa Kigikuyu, akaota akizungumza lugha yao, na katika White African (1937) alieleza kwamba akiwa na umri wa miaka 13 aliingizwa katika riika la Mukanda pamoja nao. Alijivunia jambo hilo maisha yake yote. Lakini kisa cha Leakey hakiwezi kutumiwa kama mfano wa udugu bila kutaja yaliyofuata. Riika lake alilifanya hati ya kuzungumza kwa niaba ya Wagikuyu, na huko London katika miaka ya 1930 yeye na Kenyatta waligongana vikali juu ya nani anaijua mila hiyo. Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey, mpaka mawakili wa utetezi walipompinga naye akajiondoa. Riika lilimpa Leakey lugha. Haikuwa dhahiri kwamba lilimpa wajibu pia, na katika mila yenyewe mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Kenyatta naye aliijua Thika ya miaka hiyo. Baada ya kuondoka Thogoto mwaka 1914 alipata kazi Thika kwa mhandisi Mwingereza aliyeitwa John Cook, na moja ya kazi zake ilikuwa kwenda benki Nairobi, mwendo wa maili 25, kuleta mishahara ya kampuni. Kijana aliyeaminiwa kubeba fedha za watu wote alikuwa akipita barabara ile ile ya Ruiru ambayo mikokoteni ya akina Grant ilikuwa imeipita. Miaka ishirini baadaye yeye na Huxley waliketi katika semina moja ya Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Facing Mount Kenya kilitoka 1938. Riwaya ya Huxley kuhusu Wagikuyu, Red Strangers, ikatoka 1939. Riwaya hiyo, kwa maoni ya makala haya, ni kazi nzito kuliko The Flame Trees of Thika, na inasikitisha kwamba ndiyo isiyosomwa sana. Inasimulia familia ya Kigikuyu tangu kabla ya kufika Wazungu, na inamalizika kwa mtoto kupewa jina la ndege ya angani. Huxley, ambaye katika tawasifu yake hana rika, alikuwa amekwisha kuelewa vizuri sana jinsi Wagikuyu wanavyoyageuza matukio kuwa majina ya watu.

Koinange na michango ya mariika

Maisha ya Mbiyu Koinange kwa upande fulani yanafanana na ya Huxley kuliko inavyotarajiwa. Wote wawili walitoka katika nyumba zenye hadhi. Babake Mbiyu, Koinange wa Mbiyu, alikuwa chifu mkuu. Wote walipata elimu ya juu nje ya nchi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wote walikuwa Marekani: Huxley akisoma katika chuo kikuu cha Cornell baada ya masomo ya kilimo huko Reading, Koinange akiwa Hampton, Virginia, alikokwenda mwaka 1927, kisha Ohio Wesleyan na baadaye Columbia. Wote walirudi wakiwa na hoja kuhusu Kenya. Kufanana kunaishia hapo. Huxley aliporudi alipewa kazi ya kuandika maisha ya Lord Delamere, iliyotoka mwaka 1935 katika juzuu mbili kwa jina la White Man's Country. Koinange aliporudi mwaka 1938, akiwa na shahada ambazo Wazungu wengi wa koloni hawakuwa nazo, hakukubali kufundisha kwa mshahara duni kuliko wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Mwaka 1939 akaanzisha Chuo cha Walimu cha Githunguri.

Kitabu cha Koinange, The People of Kenya Speak for Themselves, kilichapishwa Detroit mwaka 1955, wakati mwandishi alikuwa amezuiwa kurudi kwao na babake yuko kizuizini. Ni kitabu chembamba, kimeandikwa kwa haraka, na mhakiki anayetafuta ufundi wa sentensi atamrudia Huxley upesi. Hata hivyo kina sehemu moja isiyo na kifani katika maandishi ya Kenya ya wakati huo, nayo ni simulizi ya jinsi Githunguri ilivyojengwa. Serikali haikutoa fedha. Misheni hazikutoa. Koinange anaeleza kwamba wazee walikwama hadi walipoamua kuyaita mariika. Kila riika lilitakiwa lichange, na kwa kuwa hakuna riika lililo radhi kupitwa na wadogo zake, michango ikageuka mashindano. Wanawake nao wakajipanga kwa njia yao wakajenga bweni la wasichana. Taasisi iliyotakiwa kufundisha hesabu na Kiingereza ikalipiwa na mfumo ambao koloni liliuona kuwa mabaki ya ushenzi.

Hapa riika linafanya kazi ambayo mwaka wa kuzaliwa hauwezi kamwe kuifanya. Hakuna mtu aliyewahi kuchanga shilingi kwa sababu alizaliwa 1907. Aliyechanga kwa ajili ya Githunguri alichanga kwa sababu wenziwe wa jando walikuwa wakimtazama. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alichukua uongozi wa chuo hicho, na inaaminika kwamba mtandao huo wa michango ulimsaidia kufahamika vijijini kuliko hotuba. Serikali ililifahamu hilo. Chuo kilifungwa mwaka 1952, na wakati wa hali ya hatari uwanja wake ukatumiwa kunyongea watu.

Kuna kundi jingine ambalo halipaswi kusahauliwa, la vijana walioitwa Anake a 40. Wengi wao walitahiriwa mwaka 1940. Baadhi walikwenda vitani Burma na kwingineko, wakarudi Nairobi bila kazi wala ardhi, na kutoka miongoni mwao wakapatikana baadhi ya waliokula viapo vya kwanza vya kupigana. Jina lao linastahili uchunguzi wa kiisimu kuliko lilivyopata. Mariika yaliyotangulia yaliitwa kwa ndui, kwa kipande, kwa vitu vilivyoonekana na kuguswa. Hili liliitwa kwa tarakimu ya kalenda ya Kizungu. Katika kipindi kisichozidi nusu karne, mwaka uliokuwa haujulikani ukawa wenyewe ndio tukio. Hivyo si kweli kwamba rika na kalenda zilibaki ng'ambo mbili za mto. Kalenda ilimezwa na riika, na mara tu ilipomezwa ikatumiwa dhidi ya walioileta.

Kiswahili cha shambani

Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kuuliza Kiswahili kiko wapi katika habari hizi. Huxley aliandika Kiingereza. Koinange na Kenyatta, katika vitabu vilivyotajwa, waliandika Kiingereza, ingawa Kenyatta alikuwa amehariri Muigwithania kwa Kigikuyu tangu 1928. Katika The Flame Trees of Thika Kiswahili kipo, lakini ni kile ambacho watu wa bara walikiita Kisetla: nomino chache, vitenzi vya kuamuru, ngeli zimevunjwavunjwa. Mwaka 1936, miaka sita tu baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa ili kusanifisha Kiswahili, F. H. Le Breton alichapisha Up-Country Swahili, kitabu cha mazoezi kilichokusudiwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mwafrika hakuwa miongoni mwa waliokusudiwa kukisoma. Yeye alikusudiwa kuambiwa. Lugha ya namna hiyo haiwezi kuzaa wenzi. Haina hata njia nzuri ya kusema "mwenzangu".

Linganisha na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya hao wawili. Naye aliandika maisha yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na katika jina hilo la pili umri umewekwa wazi kama mzani wa maisha. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akibebeshwa madharau ya ofisini kila siku. Lakini hakuutumia utoto kama maficho. Anayezungumza katika kitabu chake ni mume, baba na mtumishi aliyekwisha kukomaa, naye humzungumzia msomaji kama mtu wa makamo yake. Kwa Kiswahili chake jambo hilo liliwezekana. Kisetla kisingeliweza.

Hata hivyo itakuwa makosa kudhani kwamba Kiswahili cha Thika na Ruiru kilikuwa ni Kisetla peke yake. Mashamba ya mkonge na kahawa yalivuta vibarua kutoka Ukambani, Uluyani, Ujaluo na mbali zaidi, na wao kwa wao hawakuzungumza kwa amri. Ushahidi mzuri ni maisha ya Tom Mboya. Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa la Sir William Northrup McMillan, ambako babake, Mjaluo kutoka kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Kwa kalenda yeye ni wa umri mmoja na Chinua Achebe, na magazeti yamekwisha kuifaidi sadfa hiyo. Kwa mila ya Kigikuyu hakuwa na riika lolote, kwa kuwa Wajaluo hawakutahiri. Alikua akisema Kiswahili na lugha za majirani, mambo ambayo baadaye yalimfanya kiongozi wa wafanyakazi aliyeweza kusikilizwa na umati wa Nairobi uliotoka kila pembe. Rika lake alilipata kwingine. Miaka 1946 na 1947 alikuwa Mang'u, shule ya Wakatoliki iliyoko mwendo mfupi kutoka Thika, ambako Mwai Kibaki, aliyezaliwa 1931, alijiunga mwaka 1947. Shule za bweni zilikuwa jando jipya: zilikuwa na viranja, mateso ya wageni, nyimbo, na majina ya mwaka yaliyomfuata mtu hadi bungeni.

Jando hilo jipya lilikuwa pana kwa namna moja na jembamba kwa nyingine. Lilimwingiza Mjaluo na Mgikuyu katika darasa moja, jambo ambalo riika halikuweza; likamwacha nje kibarua aliyekata mkonge, ambaye riika la zamani, kama alikuwa Mgikuyu, lingempa haki sawa na mtoto wa chifu. Historia ya fasihi ya eneo hili imeandikwa zaidi na waliopita huko shuleni. Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Huxley, yaani 1958, Muga Gicaru alichapisha huko London Land of Sunshine, akisimulia maisha ya Kenya kabla ya Mau Mau kwa jicho la Mwafrika aliyekulia katika hali hizo. Vitabu hivyo viwili vilitoka katika mji mmoja, vikapishana kwa miezi. Kimoja kiligeuzwa mfululizo wa televisheni huko Uingereza mwaka 1981. Kingine hupatikana kwa kuombwa katika maktaba za vyuo vikuu. Wanaozungumzia "fasihi ya Thika" kana kwamba ni kitabu kimoja wangefanya vyema kuagiza hicho cha pili kabla ya kuendelea.

Mashamba yenyewe yamebadilika. Barabara ya Nairobi hadi Thika ilipanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2012, na Ruiru, iliyokuwa kituo cha reli kati ya kahawa na mkonge, ilihesabiwa kuwa na watu 490,120 katika sensa ya 2019, karibu mara mbili ya Thika. Wanaoishi humo wengi wamezaliwa kwingine. Watoto wao huulizana umri kwa mwaka wa mtihani wa taifa.

Freedom and After, kitabu cha Mboya, kilitoka mwaka 1963, mwandishi akiwa na miaka 33. Mwaka uliotangulia Huxley alikuwa amechapisha The Mottled Lizard, mwendelezo wa utoto wake wa Kenya, kitabu ambacho msimulizi wake angali msichana. Mbiyu Koinange, mwenye umri sawa na mwandishi huyo, alikuwa amerejea baada ya miaka ya uhamishoni na kuingia katika serikali ya Kenyatta. Nyumbani kwa Kenyatta kulikuwa Gatundu, mwendo usio mrefu kutoka Thika, na wazee waliokwenda kumwona huko waliweza bado kumsalimu kwa jina la riika lake.